Jina na Ukoo: Kumtafuta Nyanya wa Karne ya Kumi na Tisa, Marekani na Shianda

Anayetafuta habari za nyanya aliyeishi karne ya kumi na tisa hukabiliwa na swali la kifasihi kabla ya lile la kihistoria: mwanamke huyu atajwe kwa jina gani? Wasifu hauwezi kuanza bila mhusika, na mhusika asiye na jina ni vigumu kumfuata.

Nchini Marekani, sensa zote hadi ile ya 1840 ziliandika jina la mkuu wa nyumba peke yake. Mke na watoto walikuwa hesabu tu. Ni katika sensa ya 1850 ndipo kila mtu huru alipoandikwa kwa jina lake. Watumwa waliorodheshwa mbali, 1850 na 1860, kwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la aliyewamiliki. Kwa hiyo kitukuu wa mwanamke mtumwa aghalabu hukwama mwaka wa 1870. Hata mwanamke huru, alipoolewa alichukua jina la mume, na nyumba aliyozaliwa ikatoweka machoni pa msomaji wa sensa. Sharti itafutwe katika cheti cha ndoa, wosia wa baba, au kumbukumbu za kanisa.

Mfano mmoja unapatikana Magharibi mwa Kenya kwenyewe. Misheni ya Marafiki ilianzishwa Kaimosi mwaka wa 1902 na Wamarekani watatu, mmoja wao Arthur Chilson. Mkewe, Edna Hill Chilson, alichapisha kitabu *Ambassador of the King* mwaka wa 1943. Balozi anayetajwa katika anwani hiyo ni mumewe. Kalamu ni ya mwanamke, maisha yanayosimuliwa ni ya mwanamume. Anayemtafuta Edna hana budi kumsaka pembezoni mwa wasifu wa mtu mwingine. Nalo jina la nyumba aliyozaliwa, Hill, limebanwa katikati ya mawili.

Shianda, katika nchi ya Wawanga, mambo ni kinyume. Ni kweli kwamba orodha ya Manabongo, akiwemo Mumia aliyetawala tangu 1882 hadi 1949, ni orodha ya wanaume. Lakini ukoo wa mama hausahauliki kwa urahisi, kwani mtu haruhusiwi kuoa katika ukoo wa baba yake wala wa mama yake. Posa inapoletwa, wazee huuliza: mama yake ametoka kwa nani? Na nyanya je? Mwanamke aliyeolewa haachi ukoo wake. Hutambulika kwao hadi kufa. Kinachopotea ni jina lake mwenyewe. Kwa wajukuu yeye ni *kukhu*, kwa majirani ni mama wa fulani. Labda jina hilo litarudi kwa mjukuu aliyerithishwa. Na likirudi, likiwa Nekesa, Nafula au Nanjala, litaeleza kwamba palikuwa na mavuno, mvua au njaa, bila kutaja mwaka.

Basi hapa pana aina mbili za ukimya. Sensa ya Marekani ilihifadhi jina ikaacha ukoo. Kumbukumbu ya Shianda ilihifadhi ukoo ikaacha jina. Mhakiki anayepima wasifu kwa jina, tarehe na cheti peke yake atahitimisha kwamba nyanya wa Shianda hana maisha ya kusimuliwa. Hitimisho hilo ni potofu. Maisha yake yamo katika maswali ya posa, ambayo ni utanzu simulizi wenye kanuni zake, na unastahili kurekodiwa kama utenzi au ngano.

Haja hiyo ina haraka. Mwanamke anayeandikwa katika vyeti kwa jina lake na la mume huacha jina ambalo vitukuu wataliona. Ukoo wake haumo. Wazee wanaoujua wakiondoka bila kuulizwa, Shianda nayo itakuwa na majina katika karatasi, na hapatakuwa na wa kueleza wenye majina hayo walitoka nyumba gani.