FILME TATU JUU YA KWETU

Wakati wa vakansi siye wanne wa mwaka wa tano tulikusanyika kwa wazazi wa mmoja wetu, tukaangalia filme tatu kwa kompyuta: moja ya kuogopesha, moja ya majambazi, moja ya mambo ya kweli. Zote zinasema juu ya Kongo.

Ile ya kuogopesha inaitwa Congo. Wamarekani waliitoa mwaka 1995. Wasafiri wanafika upande wa volkano za Virunga kutafuta almasi, kumbe huko kuna ngagi wa kijivu wenye kuponda watu vichwa. Wadogo walicheka mpaka machozi. Ngagi wetu hula majani na mianzi michanga! Wale wa filme ni watu waliovaa ngozi. Mwishoni volkano inalipuka, wazungu wanatoroka kwa puto. Puto! Usiku wa 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotema moto, siye tulishika njia ya Sake kwa miguu, godoro kichwani.

Kicheko kilikatwa na baba wa mwenzetu. Alisimama mlangoni, akauliza filme ni ya mwaka gani. Tukamwambia. Akasema: mwaka mmoja mbele yake, Julayi 1994, wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa malaki, kolera ikawaua kwa maelfu, maiti zikapangwa kando ya barabara ndani ya mikeka. Wenye sinema wakatafuta cha kuogopesha huku kwetu, wakaona ngagi. Akaondoka.

Viva Riva! ya Djo Tunda Wa Munga (2010) iko kwa Lingala na Kifaransa. Riva anarudi Kinshasa na esansi aliyoiiba Angola, wakati mji umekauka, na wenyewe wanamfuata. Hilo tunaliamini bila shida. Waulizeni bakadhafi wetu wenye kupanga bidoni kando ya njia. Filme inakimbia, haichoshi. Lakini iko na uchi na damu mingi. Mama alipopita tulifunga kompyuta kabisa.

Virunga (2014), ya Mwingereza Orlando von Einsiedel, ndiyo ilituondolea usingizi. Kampuni ya SOCO ilikuwa inatafuta mafuta ndani ya parki, upande wa ziwa Edouard. Mlinzi Rodrigue Katembo anaficha kamera katika nguo na kuwarekodi watu wanaomshawishi kwa pesa. Hapo hatukupumua, juu tulijua huyu si mchezaji wa sinema: mwaka 2013 alikamatwa kweli, akafungwa siku 17. Mkubwa wa parki, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi njiani kati ya Goma na Rumangabo tarehe 15 Aprili 2014, filme ikiwa karibu kuonyeshwa mara ya kwanza. Alipona. Mwaka ule ule, mwezi wa Juni, SOCO ikaahidi kuacha.

Kisha vita ya M23 ya 2012 inafika Rumangabo. Mizinga inalia, watu wanakimbia, na André Bauma anabaki na ngagi yatima. Hapo tukagombana. Mwenzetu mwenye jamaa Rutshuru akasema: «Dunia inalilia ngagi. Na wale wanaolima mpakani mwa parki, bila shamba, bila makala, nani atawapigia filme?» Iko na haki. Filme inapita mbio juu ya watu hao, na ni kasoro kubwa. Mwingine akajibu kwamba walinzi nao ni watoto wa vijiji hivyo, na 12 kati yao waliuawa siku moja, 24 Aprili 2020. Hatukupatana mpaka chakula kikapoa.

Ndakasi, mmoja wa wale yatima, alikufa Septemba 2021, kichwa kikiwa juu ya kifua cha André. Wadogo waliocheka mwanzoni walitaka kuona tena kipande chake akiwa mdogo. Tukarudisha mara mbili, ya tatu umeme ukakatika.