KIZIWI NAYE AJUE BEI YA KAZI YAKE

Hapa kwetu Tengeru habari nyingi za kazi haziandikwi. Zinasemwa kwa mdomo. Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, watu husimama kando ya magunia na kuulizana. Nani anatafuta vibarua? Analipa kiasi gani? Kijana anayesikia huzipata habari hizi hata bila kuuliza. Anazisikia sokoni, njiani, katika redio na nyumbani wakati wa kula. Akiwa mtu mzima anajua malipo ya kupalilia, malipo ya fundi cherehani, na tajiri gani hapendi kulipa.

Kijana kiziwi hazipati. Anaona watu wakifanya kazi na kupokea fedha. Lakini kwa nini huyu amepewa nyingi na yule kidogo, hakuna aliyemweleza.

Kazi yangu ya ugani hunipeleka mashambani. Msimu mmoja nilimkuta binti kiziwi akichambua karoti pamoja na wenzake watano. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya wote. Jioni wenzake walipewa ujira kamili. Yeye alipewa nusu. Alitabasamu, akainamisha kichwa kushukuru.

Binti huyu alikuwa amesoma shule ya msingi. Nilichukua kijiti nikaandika chini malipo ya wenzake, na pembeni malipo yake. Aliangalia tarakimu, akaangalia fedha zilizo mkononi. Tabasamu likaisha. Alimfuata mnunuzi akamwonyesha, lakini siku ile hakuongezewa kitu. Soko lililofuata alikwenda kwa mnunuzi mwingine. Kabla ya kugusa karoti alimpa daftari, ili aandike malipo kwanza.

Je, binti huyu alikuwa mjinga? La. Alikosa habari tu.

KAZI ZIPO

Wazazi wengine husema, "Huyu ni bubu, akae nyumbani achunge mbuzi." Tutazame mifano.

Huko Iringa, mwaka 2003, kazi za mikono za Neema Crafts zilianza na vijana viziwi watatu. Walitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye ulifunguliwa mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja huandika kwenye karatasi chakula anachotaka. Hapa Arusha, katika karakana ya Shanga, mafundi wenye ulemavu, wakiwamo viziwi, wametengeneza glasi na shanga kwa chupa zilizotupwa.

Karibu nasi pia wapo walimu. Chuo cha Patandi, hapa hapa Tengeru, hufundisha walimu wa elimu maalum. Kituo cha Kanisa la Kilutheri huko Usa River hufundisha vijana wenye ulemavu kazi kama useremala na ushonaji.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Mfanyakazi asipoyaelewa, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa njia anayoielewa. Kwa kiziwi, njia hiyo ni maandishi au lugha ya alama. Kumpigia kelele sikioni si kumweleza.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema hivi: mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu.

Kwa anayetaka kujiajiri, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Mwulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako.

WEWE UFANYE NINI

Kwanza, mpeleke kijana sokoni. Mwonyeshe kazi moja moja, kisha mwandikie malipo yake.

Pili, kabla hajaanza kibarua, yaandikwe mambo manne: kazi gani, saa ngapi, malipo kiasi gani, na yatalipwa siku gani. Karatasi hiyo aitunze.

Tatu, jifunze ishara zake, na mpeleke kwa viziwi wenzake. Chama cha Viziwi Tanzania, yaani CHAVITA, kipo kwa ajili hiyo. Kiziwi aliyekwisha kufanya kazi humweleza mwenzake mengi kwa muda mfupi.

Nne, kuna vijana wanaosikia kidogo. Hawa huficha shida yao kwa kuitikia kila neno. Simama mbele yake penye mwanga, sema polepole, usizibe mdomo. Kisha mwache arudie yeye alichoelewa.

Ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma na kuandika. Unajua jinsi mtu asiyejua tarakimu anavyoibiwa kwenye mizani. Kiziwi naye huibiwa vivyo hivyo, kwa sababu hakusikia bei. Kalamu yako inaweza kumsaidia. Soko lijalo, chukua kipande cha karatasi, mwandikie jirani yako kiziwi bei ya kazi ya siku hiyo.