Kabla ya Kupanga Nyumba Embu au Meru, Uliza Nguo Zitafuliwa Wapi

Mwalimu aliyehamishiwa Embu, au mwanafunzi aliyeitwa chuo kikuu huko Meru, huulizia kodi, usalama na umbali wa kituo cha matatu. Swali la nguo humjia Jumamosi ya kwanza, beseni likiwa mkononi na mfereji umekauka.

Miji hii miwili imekaa kwenye miteremko ya Mlima Kenya: Embu kusini mwa Ikweta, Meru kaskazini yake kidogo, na Chuka katikati ya safari. Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu kikapata hati yake mwaka 2016. Wapangaji wameongezeka, na nyumba za ghorofa pia. Katika baadhi ya nyumba hizo mpya, dalali atakuonyesha kwa fahari pembe ndogo kando ya jikoni yenye bomba la mashine ya kufulia. Usitoe pesa za amana bado. Kuuliza si ujinga.

Kwanza, tazama juu. Maji ya tangi hushuka kwa uzito wake, na kila mita 10 za kimo huleta presha ya ba 1 hivi. Mashine nyingi hutaka angaa nusu ya presha hiyo. Kwa hivyo anayeishi ghorofa ya mwisho, tangi likiwa papo hapo darini, aweza kungoja mashine ijae mpaka achoke, ilhali jirani wa chini tayari anaanika.

Pili, fungua mfereji mwenyewe. Waulize wapangaji, wala si dalali, maji huja siku ngapi kwa juma. Fuo moja la mashine laweza kumaliza lita 50.

Tatu, tafuta mahali pa kuanika. Mwezi wa Julai huku ni baridi, mawingu na manyunyu; shuka na sare za shule zaweza kulala kambani siku mbili. Roshani iliyozibwa na ukuta wa jirani haitakufaa.

Nne, uliza maji ya sabuni yanakwenda wapi: kwenye mfereji wa maji taka, kwenye shimo, au mtaroni? Mto Rupingazi wa Embu na Kathita wa Meru yote huelekeza maji yake Tana, na kuna watu huko chini wanaoyatumia.

Majibu yasiporidhisha, chukua nyumba yenye mahali pa kufulia uani, umwite mama wa kufua. Mpatane bei mapema na umlipe siku hiyo hiyo, kwani kwa wengi wao hicho ndicho chakula cha jioni cha watoto. Mashine utanunua ukijaliwa. Maji na jua hupangwa pamoja na nyumba.