Kutoka Mtwara hadi Bukoba

Nimestaafu kazi ya kupanga safari za ndege, lakini hadi leo mtu akinitajia miji miwili, akili yangu huanza kupiga hesabu. Mtwara na Bukoba ndiyo iliyonikaa zaidi: mmoja kusini, jirani na Msumbiji, mwingine ukingoni mwa Ziwa Victoria, jirani na Uganda. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 1,360 hivi, yaani maili za baharini 735. Ukipitia Dar es Salaam zinafika 1,420 tu. Kilomita sitini za ziada si kitu. Kinachomaliza siku ni kushuka Dar, kungoja na kupanda tena.

Ofisini tulianza na upepo. Chukua ndege ya pangaboi kama ATR 72, kasi yake tuseme kilomita 500 kwa saa. Pasipo upepo, umbali ule ni saa 2 na dakika 43. Upepo wa kilomita 50 kwa saa ukisukuma kutoka nyuma, utatumia saa 2 na dakika 28. Ukija usoni, saa 3 na dakika moja. Upepo wa mbele hunyang'anya dakika nyingi kuliko unazotoa wa nyuma, kwa sababu ndege hukaa ndani yake muda mrefu zaidi. Na hapo hujahesabu kupanda, kushuka, wala mafuta ya kukufikisha uwanja mbadala, ambao kwa Bukoba tulizoea kuweka Mwanza.

Ziwa lile hujitengenezea mawingu usiku, na asubuhi dhoruba huweza kuwa juu ya Bukoba. Wanaoudhika wakisubirishwa Mwanza naomba wakumbuke tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipotumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya, na watu 19 wakapoteza maisha.

Msimu mmoja wa vuli, dada wa kaunta aliniunganishia simu ya mama mmoja aliyekuwa Mtwara. Baba yake amefariki Bukoba, maziko ni kesho saa saba mchana.

"Mwanangu, nitawahi?"

Kwa ratiba angewahi: ndege ya jioni, alale Dar, kisha ya asubuhi imfikishe Bukoba saa nne. Nilikuwa na taarifa ya hali ya hewa mezani.

"Pole sana mama. Ratiba inasema utawahi, ila mimi siwezi kukuahidi. Waombe nyumbani wasogeze maziko hadi keshokutwa."

Wakasogeza. Asubuhi ile Bukoba ilifunikwa kabisa, ndege ikakaa Mwanza mpaka mawingu yalipoachia, na mama alifika kwao alasiri. Mkubwa wangu hakupendezwa kusikia nimemwambia abiria asiitegemee ratiba yetu. Nilimwonyesha taarifa ya asubuhi, nikarudi kupanga safari za kesho yake.