Usukani Mzito

Katika likizo ya Desemba iliyopita nilikwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, kukaa na mjomba wangu, ambaye ni nahodha wa boti ndogo ya mashine. Boti hiyo ni ya matembezi. Haivui samaki wala haichukui mizigo, bali huwapeleka wageni kumtazama papa potwe. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini hana madhara kwa mtu. Chakula chake ni uduvi na visamaki vidogo. Huonekana sana karibu na Kilindoni tangu Oktoba mpaka Machi, na wageni hushuka majini wakaogelea kando yake.

Mjomba alinipa kazi mbili: kuisafisha mashine kwa maji ya kisima kila jioni ili kuondoa chumvi, na kutia grisi kwenye usukani kila Ijumaa. Ile ya kwanza niliifanya vizuri. Ya pili niliifanya mbiombio, kwa kuwa mpira ulikuwa karibu kuanza uwanjani. Nikajaza grisi mpya juu ya ile ya zamani, nikakimbia.

Jumamosi na Jumapili hatukuwa na wageni. Nilipoisogeza boti maji yalipokupwa, niliona usukani ni mzito kwenda kulia. Sikusema neno. Nilidhani kwamba kitu kizito dawa yake ni nguvu, nami ni kijana. Jumatatu asubuhi mjomba alipoushika akaniuliza, "Mwanangu, mbona usukani mzito hivi?" Nikamjibu, "Pengine ni umande wa usiku, mjomba." Naye akaniamini.

Saa nne hivi tulimwona potwe. Wageni wawili wakashuka majini, nasi tukawa tunazunguka polepole kwa mbali. Mjomba alipotaka kugeuka ili tusiwakaribie, usukani ulikataa kabisa. Boti ikawa inakwenda moja kwa moja walipo wale watu wawili, na panga la mashine linazunguka.

Mjomba hakuvutana nao. Alirudisha gia katikati, akachomoa kamba ya usalama, mashine ikazima. Boti ikateleza kimya na kupita karibu nao kiasi cha kuyaona macho yao ndani ya miwani. Hakuna aliyeumia. Tukatia nanga, tukawapandisha wageni, na boti ya jirani ikatuvuta mpaka pwani. Njia nzima mjomba hakunisemesha.

Pwani niliyakiri yote. Nilitazamia kofi. Badala yake alinipa spana, akasema, "Basi leo utatafuta ugonjwa wenyewe. Usiviulize vitu vyote pamoja. Kitenge kila kimoja, ukiulize peke yake."

Msomaji, yafaa ujue jinsi usukani wa namna hii ulivyo. Gurudumu la mbele husukuma na kuvuta waya mnene uliomo ndani ya ala. Mwisho wa waya huo, kule tezi, ni chuma kilichonyooka kama mchi, kinachoingia na kutoka katika bomba lililoko penye kishikio cha mashine. Mkono mdogo wa chuma huuunganisha mchi huo na mashine. Kwa hiyo uzito waweza kutoka katika gurudumu, waya, bomba, au mashine yenyewe.

Kwanza nilitazama kwa macho: hapakuwa na mzigo uliolalia waya, wala haukupindika. Pili nilifungua ule mkono mdogo, nikaisukuma mashine kwa mikono. Ikageuka kushoto na kulia kwa wepesi. Basi mashine haina kosa. Tatu nilijaribu gurudumu hali mkono umefunguliwa. Likawa zito vilevile. Basi kosa li mbele ya mkono. Nne tulifungua nati kubwa ya bomba ili kuutoa mchi. Ulikuwa umeshika. Tukatia mafuta mepesi, tukauacha usiku kucha, na asubuhi tukaugonga taratibu tukiwa tumeweka kipande cha mti katikati. Ulipotoka, gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja. Mkosaji alikuwa amepatikana: bomba.

Ndani yake grisi kuukuu ilikuwa imeganda kama nta, imechanganyika na chumvi na kutu. Grisi yangu mpya ilikuwa imeshindiliwa juu ya uchafu huo. Tena nilikuwa nimeitia wakati mchi umetoka nje. Kitabu cha mashine chakataza jambo hilo: yapasa mchi uwe umerudi ndani kabisa, kwa kuwa grisi ikijaa mahali pake hukosa pa kwenda, na usukani hufungika.

Tulisugua bomba kwa brashi na mafuta ya taa, tukaung'arisha mchi kwa msasa laini, tukaupaka grisi ya baharini kiasi. Mjomba aliipapasa ala yote kwa vidole. Kama ingekuwa imepasuka au imevimba kwa kutu ya ndani, isingefaa kutengenezwa. Tungenunua waya mpya. Ile nati ya mkono, ambayo ni ya kujikaza, hatukuirudisha. Tuliweka mpya, kwani ikilegea baharini usukani wote hupotea. Kisha tukageuza kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia mara kumi pale pwani, halafu majini penye kina kifupi, ndipo wageni wakaitwa tena.

Kazi hiyo ilichukua siku mbili, na siku mbili hizo mjomba hakupata fedha. Nilipomwambia kwamba nasikitika kwa ajili ya fedha zake, alinijibu, "Fedha zitarudi. Mimi nakumbuka ule umande wako."

Maneno hayo nimekuja nayo shuleni. Grisi ilikuwa kosa la mikono, na mikono hufundishika. Lakini usukani ulinionya siku mbili nzima, nami niliyajua nikayaficha. Tangu siku ile, kila nikikuta kitu kizito, kiwe hesabu au jambo la bwenini, hujaribu kukitenga vipande vipande. Na kama mimi ndimi niliyekitia uzito, nasema mapema, kabla watu hawajashuka majini.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV