Bipu Moja Anika, Bipu Mbili Funika

Wengi wameshatoa ushuhuda wa siasa ya Januari 2019 hapa Kongo. Mimi natoa wa mihogo.

Lubumbashi hupata karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Anayeuza mihogo mikavu ya unga anaijua taabu ya miezi hiyo. Mihogo iliyolowekwa ikitolewa majini isipopata jua siku mbili tatu mfululizo, inaota ukungu, inakuwa nyeusi, na wanunuzi wa soko la Kenya, hapa hapa mjini, wanapita kama hawakuoni. Ni biashara hii iliyonilelea watoto hapa Katuba tangu baba yao afariki. Kila alfajiri nilifungua redio moja ya mjini, mtangazaji akasoma hali ya hewa kwa Kiswahili, nikaamua: nianike, au mihogo ilale majini siku nyingine.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ikafungwa nchi nzima, meseji za simu nazo zikafungwa. Matangazo ya RFI, redio ya Ufaransa, yakakatwa. Redio yangu iliendelea na nyimbo na matangazo ya vifo, lakini hali ya hewa walikuwa wakiichota kwenye intaneti, basi kipindi kikanyamaza. Mettelsat, ofisi ya taifa ya hali ya hewa, iko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwetu. Mama wa Katuba atampigia nani huko?

Mvua ikanipiga turubai zima likiwa limejaa. Ile ilikuwa karo ya watoto. Nililia, sisemi uongo.

Simu za sauti zilikuwa bado zinapita. Akina mama wenye mihogo tukachanga pesa ya uniti. Kila asubuhi mmoja anampigia shemeji yake Likasi, mwingine anampigia dada yake Kasumbalesa: huko mbingu zikoje? Mama mmoja wa kanisani alikuwa na ndugu anayebeba mizigo uwanja wa ndege wa Luano. Ndege hairuki bila habari za upepo na mawingu, kwa hiyo yule kijana alikuwa anaokota neno moja mawili kwa wakubwa wake. Habari zikikusanyika, tunapeana kwa bipu, maana bipu hailipiwi. Bipu moja, anika. Bipu mbili, funika.

Haikuwa kamili. Mvua ya Likasi mara nyingi ilibaki Likasi, na mihogo mingine iliharibika. Wazee walituambia tuangalie kumbikumbi. Mimi nawaheshimu, lakini kumbikumbi wa kwetu hutoka mvua ikishanyesha, na wakati huo turubai limeshalowa. Luano ndiyo iliyotusaidia zaidi. Mungu ni mwema, karo ililipwa, ingawa kwa vipande.

Intaneti ilirudi karibu tarehe 20 Januari, na kipindi kikarudi. Bipu hatukuziacha. Ninyi wenye redio, nawaomba: wekeni mtu wa kupigia simu Luano kila asubuhi, hata intaneti ikiwa nzima, na msome habari zake kwa Kiswahili kabla jua halijatoka. Saa tatu, sisi tumeshaanika.