Wasomaji na Waumini: Marjorie Oludhe Macgoye na Kazi za Kila Siku

Katika lugha kadhaa za Afrika Mashariki, jina la mwanzo la kumtambulisha Mkristo halikutokana na Kristo bali na kitabu. Waganda waliwaita walioambatana na misheni abasomi; Wagikuyu wakawaita athomi; Wajaluo wakasema josomo. Maana ni moja, wasomaji, na asili ni moja, kitenzi cha Kiswahili kusoma, ambacho huku pwani kilikuwa kimekwisha kutumikia dini karne nyingi kabla ya misheni ya kwanza kufunguliwa. Chuoni mtoto alisoma Kurani, na msibani watu walisoma hitima. (Mwanaisimu atakumbusha hapa kwamba somo ni pia yule mwanamke anayemfunda mwari, na ukumbusho huo si wa kupuuzwa panapozungumziwa mwanamke na elimu.) Kitenzi hicho kilipopanda bara kilikwenda pamoja na mzigo wake. Kusoma na kuamini vikawa tendo moja machoni pa watu, na aliyejua kuziunganisha herufi alihesabiwa kuwa amekwisha kuvuka mto.

Marjorie Oludhe Macgoye aliuvuka mto huo kutoka ng'ambo ya pili. Alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1928, akafika Nairobi mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, akiwa ametumwa na Church Missionary Society. Hakuja kuwa mhubiri, wala muuguzi, wala mwalimu. Alikuja kuuza vitabu. Mwaka 1960 aliolewa na Daniel Oludhe Macgoye, mwaka 1964 akachukua uraia wa Kenya, akalea watoto wanne, na akabaki katika nchi hii mpaka alipofariki mwezi Desemba 2015. Wahakiki hupenda kuanza na ndoa hiyo na uraia huo, kwa sababu ndivyo vinavyowawezesha kujibu swali la iwapo kazi zake ni fasihi ya Kenya. Swali hilo limekwisha kujibiwa na wanafunzi wa sekondari waliosoma Coming to Birth darasani, na halina haja ya kuendelea kuchosha watu. Lililobaki bila kuulizwa ni lile la duka.

Muuza vitabu ni msomaji wa aina ya pekee. Anayajua maandiko kwa uzito wake, kwa bei yake, na kwa vumbi linalokalia yale yasiyonunuliwa. Anajua pia jambo ambalo mhadhiri hulisahau, kwamba mbele ya kila kitabu kuna mtu anayepima kama fedha aliyo nayo itatosha kitabu na nauli. Macgoye aliifanya kazi hii kwa miaka mingi: kwanza katika duka la misheni, kisha katika duka la vitabu la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1971 hadi 1975, na baadaye kama meneja wa duka la S. J. Moore katikati ya Nairobi hadi 1980. Katika duka hilo la mwisho aliandaa vikao ambamo waandishi walisoma kazi zao mbele ya hadhira. Kati ya hesabu za duka, jikoni na kanisani, ndipo utunzi wake ulipopata nafasi. Kitabu chake cha kwanza, hadithi ya watoto, kilitoka mwaka 1971, naye amepita miaka 40. Coming to Birth, iliyompatia Tuzo ya Sinclair, ilitoka mwaka 1986 akiwa katika mwaka wake wa 58. Haya ni mambo ya wasifu tu, lakini yana uzito wa kihakiki. Mtunzi aliyechelewa hivyo hawezi kuuona ubunifu kama kipaji kinachomtenga mtu na shughuli za watu wengine.

Mtazamo huo unaonekana wazi katika usawiri wa Paulina, mhusika mkuu wa Coming to Birth. Paulina anafika Nairobi mwaka 1956 akiwa msichana wa kijijini aliyeolewa karibuni, mimba inaharibika, na akitoka hospitali anapotea njia katika mji asioujua. Baadaye anapata mafunzo katika shule ya maarifa ya nyumbani, anajifunza kushona na kufuma, na anafanya kazi ya kuwafundisha wanawake wenzake. Uhakiki wa kifeministi umeitazama hatua hii kwa mashaka: sindano na uzi, husemwa, ni elimu ya kikoloni ya kumrudisha mwanamke nyumbani. Shutuma hiyo ina ukweli wake wa kihistoria. Hata hivyo inaruka jambo lililo mbele ya macho ya msomaji. Kitambaa ndicho kitu cha kwanza ambacho Paulina anakitengeneza na kikamilike. Mimba zimeharibika, ndoa imeyumba, lakini uzi umetii mkono wake. Kabla hajaweza kutoa maoni juu ya siasa za nchi, amejua kwamba anaweza kuanzisha jambo na kulimaliza, na mshahara unaotokana na ujuzi huo ndio unaompa mahali pa kusimama. Mtunzi aliyeamini kwamba mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Muumba hakuhitaji kuliandika fundisho hilo popote katika riwaya. Amelitia katika mikono ya mhusika.

Na imani yenyewe? Hapa Macgoye ni mgumu kuliko wanavyomdhania wale wanaotarajia mahubiri. Paulina ni Mkristo, naye hapati muujiza. Mwanawe Okeyo, aliyepatikana nje ya ndoa, anauawa kwa risasi Kisumu mwaka 1969, siku msafara wa Rais ulipopokewa kwa ghasia na askari wakafyatua bunduki kwenye umati. Riwaya haimpi mama huyo maelezo ya kumridhisha, wala haimwekei mchungaji wa kuyatoa. Mwishoni Paulina ni mjamzito tena, na kitabu kinafungwa kabla ya mtoto kuzaliwa. Anwani inataja kuzaliwa, lakini msomaji haonyeshwi kuzaliwa huko; anaachwa katika kungoja. Mhakiki aliyezoea istilahi za taifa atasema kwamba mimba hiyo ni Kenya, na hatakuwa amekosea. Lakini yeyote aliyewahi kukaa kanisani katika majuma ya Majilio ataitambua pia namna nyingine ya kungoja, isiyokuwa na dhamana ya hesabu.

Ukali huo huo umo katika shairi lake linalojulikana zaidi shuleni, «A Freedom Song», juu ya Atieno, mtoto wa miaka 8 anayetumikishwa bila ujira katika nyumba ya mjomba wake, na ambaye anakuja kufa akijifungua angali msichana mdogo. Shairi halimtaji adui wa mbali. Wakosaji ni watu wa nyumbani, wenye heshima zao, na gharama wanayokataa kuitoa kwa ajili ya mtoto aliye hai wanaitoa bila kusita katika matanga yake.

Katika The Present Moment ya mwaka 1987, wanawake saba wazee wanaishi pamoja katika makao ya hisani jijini Nairobi. Mmoja wao, Sophia, alizaliwa Mombasa akiitwa Fatuma, katika jamii ya Waswahili Waislamu, akabadili dini na jina. Mwandishi mwenye ari ya kimisionari angelifanya tukio hilo kuwa kilele cha riwaya. Macgoye anaacha jina la kwanza libaki likisikika chini ya la pili, na kuongoka kunaonekana kuwa pia kuhama, pamoja na hasara zote za kuhama. Hapa ndipo mwanamke aliyeacha Southampton na kuitwa Nyarloka, yaani binti wa ng'ambo, jina alilolitumia katika anwani ya diwani yake ya mwaka 1977, alipokuwa na la kumwambia mwanamke wa Mombasa.

Ugumu uliopo ni kwamba uhakiki wetu hauna msamiati wa kutosha kwa mwandishi wa namna hii. Tangu miaka ya 1960, Ukristo katika riwaya za Kenya umesomwa hasa kama chombo cha utawala na chanzo cha kutengwa kwa Mwafrika na asili yake, na kazi za Ngũgĩ wa Thiong'o zilikuwa na sababu nzuri za kuusawiri hivyo. Lakini hoja iliyokuwa sahihi kuhusu taasisi ikageuka kuwa kanuni ya kumsomea kila muumini. Mwanamke Mkristo anayeandika anaulizwa kwanza kama imani haikumharibia sanaa. Swali kama hilo haulizwi Mwana Kupona binti Mshamu. Utenzi wake wa mwaka 1858, alioutunga akiwa mgonjwa ili kumwachia binti yake wasia, ni kazi ya ibada tangu mwanzo hadi mwisho. Wapo waliobishana naye juu ya utii wa mke kwa mume, lakini hakuna mhakiki makini anayeona kwamba dua zake ni kiraka kilichobandikwa juu ya ushairi. Katika utenzi, imani ni sehemu ya ufundi. Wanafunzi wa Kiswahili wamefunzwa kulikubali hilo bila taabu, na kwa hiyo wao, pengine kuliko wenzao wa idara jirani, wamejiandaa vyema kumsoma Macgoye, ijapokuwa aliandika kwa Kiingereza.

Katika miaka ya mwisho ya maisha yake alimwandikia riwaya Johannes Rebmann. Angeweza kumchagua mmisionari mwenye sifa kubwa zaidi. Rebmann alifika Rabai mwaka 1846, akauona Kilimanjaro mwaka 1848 na kubezwa Ulaya aliposema kwamba kileleni pana theluji, akaondoka mwaka 1875 akiwa amepofuka. Kwa miaka hiyo 29 waongofu wake walikuwa wachache mno. Alichokusanya kwa wingi ni maneno. Kamusi yake ya Kinyasa ilichapishwa mwaka 1877, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ilitoka kinywani mwa Salimini, mtumwa aliyetoka nchi za Ziwa Nyasa. Wawili hao waliketi pamoja siku baada ya siku, mmoja akitamka, mwingine akiandika.